Stori ya majasusi na uganga wa zamani: anzia reli ya Kigoma na Tabora

Kuna kitu kinaniuma kila nikisoma stori za vijana wetu, mtu kazaliwa Tabora hapa hapa, kakulia chini ya miembe, halafu jasusi wake kavaa koti refu anatembea kwenye theluji na mchawi wake ana fimbo ya kizungu. Jamani. Sisi tuna mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wanatutawala wakipigana na Waingereza na Wabelgiji hapa hapa kwetu, na huo mwaka peke yake unatosha kuandikia vitabu hata vitatu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, kabla hujaandika neno, tafuta sehemu ambayo historia yenyewe imeacha tundu, maana uganga ukiupitisha kwenye tundu lililokuwepo msomaji anaamini, ukibomoa ukuta haamini. Mfano ninaoupenda ni ile meli Graf von Götzen. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe pale karibu na Kigoma, Ziwa Tanganyika, ili isichukuliwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wakazipaka injini grisi nene, Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Sasa wewe jiulize tu, ile grisi ilikuwa grisi tupu? Nani aliichanganya? Hapo hujadanganya tarehe hata moja na tayari una uganga, una siri, na una mtu mmoja anayeijua siri.

Tundu la pili lipo Tabora. Mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wamekatiwa njia ya kuleta pesa kutoka kwao, wakaanza kutengeneza sarafu kwenye karakana ya reli hapa mjini, ikiwemo ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, dhahabu yenyewe ikitoka mgodi wa Sekenke. (Hili neno hela tunalolitaja kila siku limetokana na heller, sarafu zao ndogo.) Fundi wa karakana anayegonga tembo mmoja tofauti kidogo na wenzake, na ile sarafu ikifika mkononi mwa mtu fulani anajua ni wakati wa kuondoka, hiyo ni alama ya kijasusi bora kuliko barua ya siri.

Halafu badilisha jambo moja tu. Moja! Wabelgiji waliingia Tabora 19 Septemba 1916, basi kwenye stori yako sema siku hiyo hawakuingia, kisha kaa chini ufikirie nini kinafuata, reli inabaki kwa nani, wapagazi wanaolazimishwa kubeba mizigo ya vita wanakimbilia wapi, njaa inampiga nani. Ukibadilisha na vita na mtemi na meli vyote kwa mpigo msomaji anakosa pa kushika. Angalia pia kwamba kutoka meli kuzamishwa mpaka mji kuanguka ni siku 55, kwa hiyo saa ya stori yako umeshapewa bure, jasusi ana siku 55 za kufanya kazi yake.

Jasusi mwenyewe asiwe shujaa wa mitutu. Awe mtu ambaye hakuna anayemtazama mara mbili, karani, mpishi wa bomani, mpagazi, au kama wangu mimi, mama muuza chumvi kutoka Uvinza, upande wa Kigoma, maana chumvi ya Uvinza ilishasafiri mbali sana tangu enzi za misafara na hakuna askari wa kushangaa kuona mwanamke na mzigo wa chumvi. Mpe na sababu ya moyoni. Mtemi Isike wa Unyanyembe, hapa hapa Tabora, alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 Wajerumani walipomzidi, sasa mtoto aliyeusikia ule mlipuko, ikifika 1916 ni mtu mzima mwenye watoto wake, na bado unamlia masikioni. Huyo humwambii habari ya mshahara.

Tukija kwenye uganga, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Uganga usio na bei unaua stori, jasusi akiwa anaweza kila kitu basi hakuna hofu na bila hofu hakuna ujasusi. Weka uwezo mmoja, mdogo, na bei inayouma palepale kwenye kazi yake. Mama wangu wa chumvi anaweza kunyunyiza chumvi sakafuni na kusikia maneno yote yaliyosemwa juu ya sakafu ile tangu jana, basi, hana kingine. Na kila akisikiliza ulimi wake unapoteza ladha ya kitu kimoja, ikaanza asali, ikafuata karanga, halafu usiku mmoja kaletewa mgebuka wa kuchoma, samaki aliyemlea, anautafuna anaona kama anatafuna kitambaa.

Usielezee hizo sheria kwa aya nzima, zionyeshe. Mimi niliandika hivi:

Askari mzee akachuchumaa mbele ya mzigo. "Mama, chumvi yako ya leo ina mchanga?"

"Haina, baba."

"Hebu onja nione."

Akachota kidogo, akaweka ulimini. Hakusikia ladha yoyote. Akatabasamu, akasema, "Nzuri, baba, kama ya siku zote."

Yule askari hakutabasamu. Chumvi ile aliichanganya yeye mwenyewe na majivu asubuhi, alipokuwa amemsaidia kushusha mzigo kwenye behewa.