Laptopu zee inakwama? Anza na mbwembwe za madirisha

Msimu wa korosho ukianza huku Masasi stationari zinajaa kweli, kila mtu ana fomu ya kuchapa au kitambulisho cha kuskani, na hapo ndo unaiona laptopu ya mtumba ya ramu giga 2 inafungua dirisha taratiiibu mpaka mteja anahamia duka la pili. Wengi wanakimbilia kupiga Windows upya. Jamani subirini kwanza, angalieni vile vivuli, uwazi na madirisha yanayojikunja, maana vinakuja vimeshawashwa tangu mwanzo.

Iko hivi. Kila dirisha linachorwa pembeni kwenye memori, halafu kuna programu inaitwa kompozita inayapanga yote ndo unaona skrini moja. Dirisha la kujaza skrini ya 1366 kwa 768 linakula kama megabaiti 4, sio nyingi, ila fungua kumi na tano halafu kumbuka grafiki ya ndani haina memori yake, inaazima ramu hiyohiyo unayochapia. Kwa mimi mashine ya hivi ingekuja mapambo hayo yamezimwa, mwenye mashine yenye nguvu awashe mwenyewe. Kwenye mashine mpya sina ugomvi, ziwake tu.

Kwenye Windows 10 bonyeza kitufe cha Windows na R, andika SystemPropertiesPerformance kisha Enter. Chagua kitufe cha tatu, kile cha utendaji, tiki zote zitaondoka. Sasa usibonyeze OK hapohapo! Rudisha tiki mbili: ya kulainisha kingo za herufi, bila hiyo maandishi yanakuwa na meno na macho yatauma kabla ya saa sita mchana, na ya kuonyesha picha ndogo badala ya ikoni, la sivyo utatafuta pasipoti saizi ya mteja kwa kufungua faili moja moja. Halafu ujue kompozita yenyewe haijazimika hapo, tangu Windows 8 ya 2012 haizimiki tena, ulichopunguza ni mapambo, na kwa ramu giga 2 utaona tofauti.

Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ndo una uhuru zaidi, na sura yake ya madirisha inakuja kwa aina kama Xfce na KDE. Xfce nenda mipangilio ya Window Manager Tweaks, tabu ya mwisho, toa tiki ya kompozita. KDE ukiwa kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, ni Alt+Shift+F12 tu, ila ukiwa Wayland, ule mpya, haizimiki kwa sababu kompozita ndo inayobeba kila kitu.

Ukishazima cheza video na uburuze dirisha huku na huku. Picha ikikatika katikati kama karatasi iliyochanwa, hiyo ndo kazi kompozita ilikuwa inakufanyia, basi kwenye Xfce iwashe tena, zima vivuli peke yake kwenye tabu ileile.