Kabla Hujajiunganishia Tiketi Mwenyewe

Anza na pasipoti. Nchi nyingi hutaka iwe imebakiza miezi sita, kwa hiyo usingoje siku ya kufunga begi ndipo uangalie tarehe. Jina la kwenye tiketi lilingane nayo herufi kwa herufi. "Abdala" na "Abdallah" kaunta haiwajui kuwa ni mtu mmoja. Chanjo ya homa ya manjano choma mapema, maana cheti huanza kazi siku ya kumi. Cha zamani usikitupe: tangu Julai 2016 ni cha maisha. Pawabenki ikae begi la mkononi, na usitegemee kuchajia simu angani. Emirates walipiga marufuku kuitumia tangu Oktoba 2025.

Haya, tiketi sasa. Hapa nisikilize.

Zamani ulikwenda kwa wakala ukatoka na tiketi moja hadi mwisho wa safari. Siku hizi kila mtu wakala, na simu inakuonyesha kuwa ukinunua vipande viwili kwa mashirika mawili unaokoa laki mbili na ushee. Nami niliziokoa. Mwanza hadi Dar shirika moja, Dar hadi Maskati jingine, katikati saa tatu na nusu. Nikajiona mjanja. Ndege ya Mwanza ikachelewa saa mbili. Tukatua Dar, jengo la pili, nikaganda kwenye mkanda wa mizigo kusubiri boksi la dagaa wa shangazi, ambalo bila shaka lilitoka la mwisho. Teksi, mbio, jengo la tatu. Kaunta imefungwa dakika kumi na mbili nyuma. Za safari za nje nyingi hufunga saa moja kabla ya ndege kuruka. Dada wa pale alinihurumia kweli. "Pole kaka, lakini kwetu sisi hukutokea." Wale wa kwanza nao: tulikuahidi Dar, si umefika? Na tiketi ya kurudi ikafutwa pamoja na ya kwenda, ndivyo masharti yalivyosema pale chini nisiposoma. Nikalipa upya kwa bei ya siku hiyo. Dagaa walinukisha sebule ya mwenyeji wangu Magomeni siku mbili.

Kwa hiyo nunua tiketi moja, namba moja ya bukingi. Ndege ya kwanza ikichelewa, kukutafutia nyingine ni kazi yao, si yako. Ukishindwa bei, lala njiani usiku mmoja. Gesti haifiki nusu ya hasara yangu. Na kama unabadilishia ndege nchi ya watu kwa tiketi mbili, huenda ukalazimika kutoka nje kuchukua begi na kulikabidhi upya, na kutoka nje mara nyingi ni viza.

Mengine unayajua. Chapisha nakala, usimbebee mtu kifurushi usichokifungua hata awe shemeji, fika mapema. Na ile barua pepe uliyoandikia tiketi uifungue kila siku, maana saa ikibadilishwa ujumbe huja huko.