Meno yaliyolika shinani: uache kusugua kama sufuria

Miaka kama kumi nilipiga mswaki kama mtu anayeng'oa ukoko wa wali. Mswaki mgumu, mkaa wa kusaga, mbele nyuma, mbele nyuma. Meno meupe kweli! Siku moja nakunywa dafu la baridi, ganzi ikanipanda hadi jichoni. Kupitisha ukucha pale jino linapokutana na ufizi, ukakwama. Vidato, kama vile vya kukwelea mnazi. Kushoto vimezidi, maana mkono wangu ni wa kulia.

Ufizi ukishajivuta haurudi wenyewe. Kilichobaki nje ni mzizi, hauna lile gamba gumu la juu, ndiyo maana unalika upesi.

Kwa hiyo nunua mswaki laini. Ushike kwa ncha za vidole, kama kalamu, usiukamate kwa ngumi. Nywele zake zilaze mshazari, nusu kwenye jino, nusu kwenye ufizi, utikise kidogokidogo papo hapo, kisha ufagie kutoka kwenye ufizi: meno ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu. Dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Nywele zikitawanyika kabla ya miezi 3, bado unakandamiza. Wangu wa kwanza haukumaliza mwezi.

Mkaa, majivu na chumvi, basi. Tumia dawa ya meno yenye floridi, madini yanayoimarisha jino. Kwa ganzi, ile yenye potasiamu naitreti. Si ya siku moja, mimi iliniachia wiki ya tatu. Ukimaliza tema povu tu, usisukutue, floridi ibaki kazini.

Embe bichi kwa pilipili sijaacha, nisiwadanganye. Ila uchachu wa embe hulainisha jino, kwa hiyo nasukutua maji, nangoja nusu saa ndipo nashika mswaki.

Daktari wa meno alianza kwa kukwangua ukoga, maana nao hula ufizi. Akaziba vidato viwili vilivyozama, vingine akaviacha. Ufizi hupandikizwa pia, kwa nyama ya kaakaa. Wangu haukufikia huko. Lakini ukiona usaha, jino linacheza, au damu haikomi, achana na maelezo yangu, nenda.

Kila mwisho wa mwezi napitisha ukucha. Vidato viko palepale, havijaongezeka kina.