Kuoga maporomoko Tanga: anza na mvua, begi baadae

Wengi wetu wa Tanga mjini tumejifunzia kuogelea Raskazone, maji kupwa na maji kujaa tunayajua, ukiangalia mwezi tu unajua kesho bahari itakuwaje. Mto hauna hayo mambo. Uko msitu wa Amani, kule milimani Muheza, jua linakuwakia utosini, kumbe huko juu mlimani mvua imepiga toka asubuhi na maji yako njiani yanakuja.

Kwa hiyo masika, Machi mpaka Mei, mi naiacha kabisa, na vuli ya Oktoba hadi Disemba naenda kwa machale. Miezi mizuri ni Juni mpaka Septemba, ila maji ni baridi sio mchezo, au Januari na Februari ambapo joto la mjini lenyewe linakufukuza.

Kwa safari ya kwanza nenda Amani. Unafika Muheza, pale unatafuta boda au gari ya kupanda mpaka geti la Zigi, unalipia kiingilio na unachukua mwongozaji hapohapo. Usione hela ya mwongozaji imepotea bure, yeye ndo anajua shimo gani lina jiwe chini. Basi lipo lakini mara nyingi linapanda mchana na kushuka alfajiri, so ukilitegemea jua unalala huko. Mkiwa na watoto bora Magoroto, hukohuko Muheza, kuna ziwa katikati ya msitu na mtu unamuona muda wote. Maporomoko ya Soni ni mbali kidogo, yapo kando ya barabara ya Mombo kwenda Lushoto, hayo mi huwa nayaangalia tu na kupiga picha, naendelea na safari.

Ukishafika usivue nguo kwanza. Chomeka kijiti pale maji yanapoishia, kaa kula chungwa lako la Muheza taratibu, halafu kiangalie tena. Kijiti kikimezwa, au maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, au majani makavu yameanza kuteremka mengi kwa pamoja, toka na upande juu, usihangaike kukusanya vitu. Mi nilishawahi kurudia ndala, nikairukia kwenye jiwe lenye ukoko wa kijani, nikarudi Tanga na goti limevimba na ndala yenyewe sijaipata, ya mguu mmoja bado ninayo.

Kitu kingine watu wa pwani hatukijui: chumvi ndo inatubebaga baharini. Maji baridi hayakubebi vile, unajiona mzito, mikono inachoka mapema. Usiruke kichwa, na usikae chini kabisa ya maporomoko maana mawe nayo yanashuka.

Mto Pangani huko chini usiuguse, una mamba. Na vidimbwi vilivyotulia vyenye nyasi na konokono achana navyo hata kama ni visafi, kichocho kinaingia kupitia ngozi, huhitaji kuyanywa. Maji yanayokimbia yana afadhali, ila nayo sio dhamana. Miezi miwili mitatu baadae ukiona mkojo una damu usianze kuulizia mizizi mtaani, nenda hospitali wapime mkojo na uwaambie ulioga wapi, dawa yake ni vidonge tu.