Kabla Hujaweka Mkono Kwenye Seva ya Watu

Simu ikilia na mtu akakwambia tovuti haifunguki, mkono unakimbilia kibodi. Uzuie kwanza. Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, inasamehe mengi, lakini haimsamehi anayepiga amri kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, kabla hajajua amesimama wapi. Haya uwe nayo tayari kabla hujaingia, hasa kama nyuma ya seva hiyo kuna watu wanaosubiri hela zao au majibu yao ya hospitali.

Jua uko kwenye seva gani. Kila ukifungua dirisha jipya piga hostname, amri inayokutajia jina la seva, usome jibu kwa macho. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo wa programu, alifuta saraka (folda) ya kanzidata (database) kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Alipowahi kuikatisha amri, katika GB 300 hivi zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakaeleza kila kitu hadharani, na walifanya vizuri sana, maana wengi wetu tumejifunza kwa maumivu yao.

Fanya kazi ndani ya tmux, programu inayoishikilia kazi yako kule kwenye seva. Umeme ukikatika kwako au bando likaisha, kazi inaendelea kule.

Usiguse fayawoli wala SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, bila mlango wa pili. Ruhusu kwanza poti 22 ya SSH ndipo uwashe ufw, yaani fayawoli yenyewe. Hariri sshd_config, faili ya mipangilio ya SSH, ipime kwa sshd -t, kisha acha dirisha la zamani wazi na ujaribu kuingia kwa dirisha jipya. Likikataa, bado umo ndani.

Nakili faili ya mipangilio kabla ya kuihariri, nakala uipe tarehe. Kisha ipime: nginx -t kama tovuti inaendeshwa na nginx, au apachectl configtest kama ni Apache. Na utumie reload (kusoma mipangilio upya), si restart (kuzima na kuwasha): nginx ikikuta kosa wakati wa reload inaendelea na mipangilio ya zamani, lakini ukiizima kabisa na faili ina kosa, haitawaka.

Angalia saa. Seva nyingi za kukodi zinakwenda kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Mteja akisema mfumo ulizima saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, kwenye logi, kumbukumbu za matukio ya seva, tafuta 23:00 ya Jumatatu. Ukitafuta 08:00 utasoma logi za watu wakinywa chai.

Halafu diski. Piga df -h uone nafasi iliyobaki, halafu df -i uone kama bado kuna nafasi ya idadi ya faili, kabla ya jambo lingine lolote. Hili nalieleza lote, maana ndilo lililonitesa.

Kuna chama cha kuweka na kukopa nilichokuwa nakihudumia. Seva yao ilikuwa kompyuta moja chini ya meza ya mhasibu, diski ya GB 80, na pembeni yake diski ya nje niliyoipachika (mount), yaani kuiunganisha, kwenye saraka ya /bakapu. Kila usiku cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, ilitoa nakala ya kanzidata, kama GB 3, na kuiweka humo. Niliipachika kwa mkono mchana mmoja, nikaona inafanya kazi, nikaondoka. Kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kupachikwa seva ikiwaka, sikuandika kitu.

Usiku mmoja umeme ukakatika. Uliporudi seva ikawaka yenyewe, mfumo ukafunguka, kila mtu akaridhika. Diski ya nje haikupachikwa, maana hakuna aliyeiagiza seva ifanye hivyo. Lakini saraka ya /bakapu ilikuwepo, tupu, juu ya diski kuu, na cron haiulizi. Ikaendelea kumwaga GB 3 humo kila usiku.

Siku ya kumi na tisa, mwisho wa mwezi, mhasibu akanipigia: "Mwanangu, watu wamejaa barazani, na kila nikiweka nywila mfumo unanirudisha palepale mlangoni." Hiyo dalili ikariri. PHP, lugha ambayo mfumo ule uliandikwa kwayo, humkumbuka aliyeingia kwa kuandika faili ndogo kwenye diski. Diski ikijaa, faili haiandikiki, na mtu anaingia na kusahauliwa papo hapo. Wakati ule sikujua. Nilihangaika na nywila ya yule mama nusu saa nzima.

Nilipofika nikapiga df -h: asilimia 100. Nikaona diski ya nje haijapachikwa, nikaipachika mara moja, na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Ukipachika diski juu ya saraka yenye vitu, vile vitu havifutiki, vinafunikwa tu, kama sarafu chini ya mkeka. Nikapiga du, inayojumlisha ukubwa wa faili, kutafuta mlaji wa nafasi: GB 22. Huku df inasema diski yote imejaa, du inasema GB 22. Na kwenye diski ya nje bakapu ya mwisho ilikuwa ya siku kumi na tisa nyuma. Mikono ilinitetemeka.

Nilijua sababu moja tu ya df na du kutofautiana: faili iliyofutwa huku programu bado imeishikilia. Nikapiga lsof +L1, inayoonyesha faili za namna hiyo, sikuona kitu. Basi nikaanza kufuta logi. Nikapata GB moja, ikaliwa ndani ya saa moja, na ushahidi wa siku zote zile nikawa nimeutupa kwa mkono wangu.

Saa kumi jioni niliamua kwenda na ile diski ya nje nyumbani. Nikapiga umount kuibandua, kisha ls /bakapu kuorodhesha yaliyomo, kwa mazoea tu. Faili kumi na tisa zimejipanga pale, ya mwisho imekatika njiani ikiwa GB 2 na ushei. Nilizihamishia kwenye diski ya nje, mfumo ukaamka ndani ya dakika kumi. Lakini barazani hapakuwa na mtu. Kuna mama alikuwa amekuja kuchukua mkopo wa ada ya mwanawe, akarudi mikono mitupu, na sababu ilikuwa mstari mmoja ambao mimi sikuuandika.

Kwa hiyo andika diski ya nje kwenye fstab kwa UUID yake (utambulisho wake wa pekee), pamoja na nofail ili seva iwake hata kama diski haipo. Skripti ya bakapu ianze na mountpoint -q /bakapu, inayohakiki kwamba diski imepachikwa. Ikishindwa isimame na ikutumie ujumbe, isikae kimya. Kabla ya kupachika, ifunge saraka tupu kwa chattr +i, isipokee kitu diski ikikosekana. Na df na du zikigombana huku lsof iko kimya, piga mount --bind / /mnt kisha du -xsh /mnt/*, utaona kilicho chini ya mkeka. Logi ikiwa kubwa mno, inakili kwingine kwanza ndipo uipunguze kwa truncate, usiifute hujaisoma.

Na bakapu irudishe kwenye mashine nyingine angalau mara moja, uone kanzidata inafunguka.

Mengine unayajua. Cheti cha usalama wa tovuti cha Let's Encrypt kinajihuisha mpaka siku kinapogoma, kwa hiyo kijaribu kwa certbot renew --dry-run. CentOS 7, toleo mojawapo la Linux, iliachwa kuhudumiwa tangu 30 Juni 2024. Kama bado unayo, panga kuhama. Usitibu tatizo la ruhusa kwa chmod 777, inayompa kila mtu ruhusa zote. Usibandike amri usiyoielewa. Usianze kazi kubwa Ijumaa jioni. Andika ulichobadilisha na saa uliyobadilisha. Na kabla hujaaga, fungua tovuti kwa simu yako, kwa bando lako, si kwa Wi-Fi ya ofisi hiyo, kisha mpigie aliyekuita ajaribu mwenyewe ukiwa naye hewani.