Ngoma Mbili Zikiachana: Kumsikiliza Steve Reich kwa Sikio la Tekno

Kila DJ anaijua aibu hii. Umeunganisha ngoma mbili, umeshusha hedifoni shingoni, umeinua mkono kuwasalimu watu, na punde tu dum, lile pigo zito la chini, ya ngoma ya pili inaanza kuitangulia ya kwanza. Mwanzo inanenepa. Halafu inapasuka, du-dum, du-dum, na ukumbi mzima unasikia punda wawili waliokata kamba. Mimi yalinikuta saa nane usiku, ukumbi umejaa, na aliyekuwa akisubiri zamu yake nyuma yangu alicheka mpaka akaketi.

Mwaka 1965, huko San Francisco, mtunzi wa Marekani Steve Reich alikutwa na jambo hilohilo. Alikuwa na mashine mbili za utepe zikirudia sauti ya mhubiri wa barabarani, naye akataka ziende sambamba. Mashine moja ikaanza kuikimbia nyingine. Yeye hakuigusa, aliiacha iende, akasikiliza, na hapo ikazaliwa kazi iitwayo It's Gonna Rain.

Mwongozo huu ni kwa wapenzi wa tekno, muziki wa dansi wa kielektroniki, ambao muziki wa kumbi za okestra umewashinda. Dakika tisa za mapigo yaleyale, kinachobadilika ni hi-hati peke yake, yale matoazi membamba ya juu, nawe husinzii: kwa muziki wa akina Reich, huo ni mtaji mkubwa kuliko miaka ya masomo ya piano. Tabia moja tu itakusumbua, ile ya kungoja besi irudi. Huku hairudi, kwa sababu haikuwapo tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Iache ngoma iachane, kwa makusudi

Usianze kwa kusikiliza. Anza kwa kutengeneza.

Fungua programu yako ya muziki, yoyote ile, uweke mwendo wa mapigo 108 kwa dakika. Andika kifungu cha noti 12 za haraka, nne katika kila pigo, ili kifungu kimoja kimalize mapigo matatu. Chagua sauti kavu na fupi kama piano au marimba, bila mwangwi wowote, na usizidishe noti tano tofauti. Rudia kifungu kwa dakika nne na nusu, kisha ukitoe kama faili la sauti. Sasa badilisha mwendo uwe 108.75, utoe faili la pili.

Fungua mradi mpya uyaweke yote mawili yaanze pamoja. Zima kabisa ule uwezo wa programu wa kunyoosha sauti ifuate mwendo wa mradi. Wengi huteleza hapo, wakakaa dakika nne wakishangaa mbona hakuna kinachotokea.

Hesabu yake iko hivi. Kifungu kimoja kinarudiwa mara 12 katika sekunde 20, na katika muda huo faili la haraka limelipita la polepole kwa noti moja kamili. Sekunde ya tano utasikia sauti imenenepa, kama mwangwi wa chumba kidogo. Sekunde ya kumi noti za moja zinaanguka katikati ya noti za nyingine, na utadhani mwendo umeongezeka maradufu. Hapo ndipo pagumu, usizime. Sekunde ya ishirini zinashikana tena, lakini wimbo unaousikia siyo ule ulioandika. Zitaendelea hivyo, hatua kwa hatua, na dakika nne kamili zikitimia mafaili yanakutana pale yalipoanzia.

Ukiwa na deki mbili za DJ tu, weka ngoma ileile kwenye deki zote mbili na usukume mwendo wa moja kwa asilimia 0.7. Chagua kipande chenye ala moja au mbili. Kikiwa na dum nzito utapata punda wangu.

Hatua ya 2: Piano Phase, kwa spika

Namba 108 sikuiokota njiani. Piano Phase ya mwaka 1967 ina piano mbili, kifungu cha noti 12, sauti tano tofauti, na mwendo ulioandikwa ni takriban 72 kwa kila kundi la noti sita. Zihesabu kwa makundi ya nne, kama sikio la tekno linavyopenda, nawe uko kwenye 108. Tofauti na faili lako ni kwamba hapa wanaofanya ni binadamu. Mpiga piano mmoja anashikilia mwendo wake kama ukuta, mwingine anaongeza kasi kidogo kidogo mpaka amtangulie mwenzake kwa noti moja, wanatulia hapo, kisha anaanza tena. Reich alilijaribu kwanza peke yake, akipiga piano dhidi ya utepe aliojirekodi mwenyewe.

Weka hedifoni kando. Zinagawa piano moja sikio hili na nyingine sikio lile, na tunachotafuta kinatokea hewani, zinapochanganyika. Tafuta wimbo ambao hakuna mkono unaoupiga. Noti za juu za piano zote mbili zitajikusanya na kuwa wimbo wao, za chini zitajikusanya kivyake, na ukihamisha usikivu wimbo mmoja unazama, mwingine unaibuka.

Wasomaji wa Uganda watasema hili wanalijua, na hawakosei. Katika amadinda, marimba kubwa ya mbao ya Waganda, wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, mmoja anapiga mfululizo wake, mwenzake anazijaza nafasi zilizobaki katikati, na kwa kasi ile sikio linasikia nyimbo ambazo hazimo mkononi mwa yeyote. Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, amekuwa akiliandikia tangu miaka ya 1960. Ila tusimpe Reich safari ambayo hakuifanya: yeye alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe kwa Gideon Alorwoyie, na wakati huo Piano Phase ilikuwa na miaka mitatu.

Hatua ya 3: Makofi

Unahitaji mtu mwingine mmoja na dakika kumi. Clapping Music ya mwaka 1972 haina ala hata moja, ni viganja tu. Kifungu kina nafasi 12, makofi nane na vimya vinne:

PA PA PA – PA PA – PA – PA PA –

Pigeni pamoja mpaka mchoke kufikiri. Kisha mwenzako abaki palepale, nawe baada ya kurudia mara nane uruke mbele nafasi moja, ukianzia kofi la pili:

PA PA – PA PA – PA – PA PA – PA

Rudieni mara nane, ruka tena. Ukiruka mara 12 mmerudi mwanzo. Hapa hakuna kuteleza polepole kama kwenye piano. Ni kuruka ghafla, na kila mruko unabadilisha sura ya yote mawili.

Mguu wako utataka kupiga nne kwa nne. Uruhusu, lakini uugonge kila baada ya nafasi tatu. Katika mstari wa kwanza, pigo la pili na la tatu la mguu litaangukia kwenye kimya. Aliyekulia karibu na chakacha hatapata shida; aliyelelewa na tekno tupu ataanguka mara mbili tatu kabla hajakaa sawa. Mimi nilianguka wiki nzima.

Hatua ya 4: Saa moja na wanamuziki 18

Hii ndiyo hatua yenyewe, hizo nyingine zilikuwa kunawa mikono. Music for 18 Musicians ilipigwa kwa mara ya kwanza New York, ukumbi wa Town Hall, Aprili 1976. Rekodi ya kampuni ya ECM ya mwaka 1978 inakaribia saa moja. Tenga saa hiyo, zima simu, na usiruke.

Mwanzoni utasikia kordi 11, yaani mafungu ya noti zinazolia kwa pamoja, moja baada ya nyingine, kila moja ikivuma juu ya piano na marimba zinazodunda bila kusita. Huo ni mwongozo wa safari nzima: baadaye kila kordi inarudi na kupewa sehemu yake ya dakika kadhaa. Kisha mwishoni zote 11 zinapita tena.

Sasa sikiliza klarineti za besi. Zinaingia chini chini, zinavimba, zinafifia, zinavimba tena. DJ yeyote atasema huyo ni mtu anayefungua na kufunga filta, kile kitufe cha kuzima na kuachia sauti za juu. Siyo filta, ni pumzi: Reich aliamua kwamba sauti za watu na za ala za kupuliza zidumu kadiri pumzi moja ya mwanamuziki inavyoruhusu. Kwa hiyo una vipimo viwili vya muda vinavyokwenda pamoja, kimoja cha nyundo za marimba kisichochoka, kingine cha mapafu.

Hakuna kiongozi anayepunga mikono mbele. Sehemu inapokwisha, vibrafoni, ala kama marimba lakini ya vyuma, inaingia na kugonga wito mfupi, na wote wanahama. Ukishaukamata wito huo mara ya kwanza utaanza kuungoja, nao unachukua nafasi ya ile besi uliyoizoea. Karibu na katikati marakasi zinaingia, na mimi huwa nasimama kitini. Sijui mtu anayekaa.

Hatua ya 5: Wasiohesabika kwa penseli

Reich ni nadhifu. Ukimchoka, nenda kwa Julius Eastman, mtunzi Mwafrika wa Marekani aliyefariki mwaka 1990 akiwa na miaka 49, baada ya kufukuzwa nyumbani New York na kupoteza karatasi zake nyingi za muziki. Femenine yake ilirekodiwa mwaka 1974 lakini rekodi hiyo ilitoka mwaka 2016. Njuga zinazotikiswa na mashine zinalia kwa zaidi ya saa moja, vibrafoni inashikilia kifungu kifupi, na waliobaki wanaingia na kupotea. Kwa mtu wa tekno huu ndio mlango rahisi kuliko yote, na pengine ningeuweka wa kwanza kama nisingetaka uteseke kidogo.

In C ya mtunzi Terry Riley, ya mwaka 1964, ina vifungu 53 na kila mpigaji anahama anapotaka. Tafuta rekodi mbili tofauti, utadhani ni kazi mbili. Mtunzi mwingine, Philip Glass, nimemruka kwa makusudi: anaongeza na kupunguza noti ndani ya kifungu, sikio la nne kwa nne linajikwaa kila mara. Baadaye.

Hatua ya 6: Rudisha kwenye seti yako

Ulimsikia Reich zamani bila kujua: gitaa la Little Fluffy Clouds ya kundi la The Orb, mwaka 1990, limetoka kwenye Electric Counterpoint, kazi yake ya mwaka 1987.

Ukitaka kuupiga muziki wake kwenye seti yako, zima ule uwezo wa programu wa kulinganisha mwendo wa ngoma yenyewe. Programu itasoma mwendo nusu au maradufu, na wanamuziki 18 hupumua, hawasimami kwenye namba moja. Shika mwendo kwa kidole. Anza na mapigo ya mwanzo ya Music for 18 Musicians, kata sauti za chini za ngoma yako ya tekno, acha hi-hati peke yake, uziingize taratibu juu ya marimba. Zikianza kuachana, usikimbilie kurekebisha. Hesabu mpaka ishirini kwanza.