Jino halijaota, tayari lina shimo: jinsi ya kulikamata kwenye eksirei

Mama mmoja wa Newala aliniuliza mwezi wa nne, "Dokta, jino bado liko ndani ya ufizi, sasa huyo mdudu kaingilia wapi?" Mwanawe wa miaka 11 aliletwa kwa jino jingine kabisa. Kwenye picha, gego la pili la chini kushoto, lililokuwa bado limezama kwenye mfupa, lilikuwa na doa jeusi chini ya enameli, lile ganda gumu la nje ya jino.

Mdudu hayumo, nikamwambia. Inadhaniwa kuwa seli za mwili wenyewe hupenya kwenye ufa mdogo wa enameli na kuila dentini, tabaka lililo chini yake, kwa ndani. Si kioja: tafiti za Australia zilikuta doa hili kwa watoto 3 hivi katika kila 100 kwenye picha za taya zima, na 6 kwenye picha za kung'ata, zile ndogo ambazo mtoto hung'ata kishikio cha filamu. Tunalikosa kwa sababu macho yetu huishia kwenye jino linalouma.

Hatua ya 1. Usimpige mtoto eksirei ya kubahatisha. Tumia ile iliyopigwa kwa sababu nyingine.

Hatua ya 2. Ukishamaliza jino lililomleta, rudi. Pitia kichwa (sehemu ya juu, isiyo mzizi) cha kila jino ambalo halijaota, moja moja, magego ya chini yasikupite.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi tunateleza. Doa la kweli ni jeusi, lina mpaka, limekaa ndani ya dentini likigusana na enameli. Kichwa ambacho bado kinajengwa nacho huonekana cheusi, kwa hiyo usikihukumu. Picha iliyooshwa vibaya ina madoa yake. Ukiwa na shaka, piga picha ndogo kwa pembe nyingine: kivuli cha jirani kitahama, doa litabaki ndani ya jino.

Hatua ya 4. Kadiria limekula theluthi ngapi za dentini, uandike kwenye faili pamoja na namba ya jino. Jino la huyu mtoto ni namba 37, yaani gego la pili la chini kushoto, na doa ni chini ya theluthi moja.

Hatua ya 5. Doa dogo, subiri na urudie picha. Kubwa linalokimbilia kwenye neva, toa rufaa mapema. Huenda ufizi ukafunguliwa jino lizibwe kabla ya kuota. Jino linalosubiriwa lizibe mara tu likichungulia. Bakteria wakishapata njia, jino huoza haraka huku juu likionekana zima, na kioo chako cha kuchungulia mdomoni hakitakwambia kitu.

Nikampangia arudi Oktoba. Mama akacheka: "Hapo sawa, Dokta. Korosho zitakuwa mnadani, nauli haitosumbua."